Kisichotembea Kipewe Waya

Hotuba kwa mkutano wa wakazi, Rau, Moshi, ikiwa imeandikwa upya pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni. Vijana wenzangu, habari za jioni. Itifaki naona imezingatiwa, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye jambo mliloniitia.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema: fundi, watu wanalipia intaneti ya faiba kila mwezi na bado picha zinaganda, njoo utuambie tuchukue kifurushi gani kikubwa zaidi. Nimeitikia wito, ila vifurushi sitavizungumzia. Wengi wenu hamna shida ya kifurushi. Shida yenu ni kwamba kila kitu ndani ya nyumba kimening'inizwa kwenye Wi-Fi, pamoja na vitu ambavyo tangu vinunuliwe havijawahi kusogea hata hatua moja. TV iko ukutani. Kompyuta ya mezani iko mezani. Kamera imepigwa skrubu juu ya geti. Hivi vyote havina safari. Kisichotembea kipewe waya, halafu Wi-Fi waachiwe wanaotembea, yaani simu. Na kifaa kinachowezesha hilo ni hiki hapa mkononi mwangu, swichi ya mtandao: kisanduku kinachopokea waya mmoja kutoka kwenye ruta na kuugawa kwa vifaa vingi. Hii ni ya poti 5, yaani matundu 5 ya kuchomeka waya. Haina antena, haina neno la siri, haina laini. Inachomekwa kwenye umeme, inachomekwa kwenye ruta, basi.

Nianze na sababu, maana mkielewa sababu hamtadanganyika dukani.

Nyote mnaijua Desemba ya hapa kwetu. Watoto wanaanza kupanda kutoka Dar, Dodoma na Mwanza, na nyumba iliyokuwa na babu, bibi na msaidizi mmoja inalala watu kumi na watano. Kila mtu na simu yake, wengine mbili mbili. Sebuleni TV inaonyesha mpira kwa intaneti. Chumba cha nyuma kuna kijana ambaye ofisi yake haikumpa likizo, yuko kwenye kikao kwa kompyuta na kila baada ya dakika anasema "mnanisikia?" Hapo ndipo ruta iliyokuwa kimya mwaka mzima inaanza kutukanwa.

Ruta haijaharibika. Wi-Fi ni hewa ya kushirikiana. Kwenye chaneli moja kifaa kimoja tu ndicho kinachozungumza kwa wakati mmoja, vingine vinasubiri zamu. Kibaya zaidi, kifaa kilicho mbali na kinachosikia kwa taabu hushusha kasi yake ili kieleweke. Kikishusha kasi, kitu kile kile ambacho simu iliyo karibu ingekimaliza upesi, chenyewe kinakivuta kwa muda mrefu, na muda wote huo kimeishika hewa. Sasa angalieni nyumba zetu: tofali za saruji, nondo, milango ya chuma, na wengine wameweka tenki la maji katikati ya ruta na chumba cha wageni. Wi-Fi hutumia mawimbi ya aina mbili hasa. Ya 5 GHz yana kasi lakini yanakufa ukutani. Ya 2.4 GHz yanapenya zaidi, ila ni ya polepole na yana msongamano wa majirani. TV iliyo nyuma ya kuta mbili, ikivuta filamu saa mbili mfululizo, inawachelewesha wote, hata yule aliyekaa pembeni ya ruta.

Ndiyo maana nasema ukiipa TV waya, mfaidika wa kwanza ni mwenye simu. Hili watu wengi hawalitarajii. Wanadhani waya ni kwa ajili ya TV.

Kuna jambo lazima niliseme mapema ili kesho msije kunidai. Swichi haiongezi intaneti. Wazee mnaijua mifongo ya huku kwetu, ile mifereji ya kumwagilia: ukichepusha maji kwenda vihamba vitatu, yaani mashamba matatu ya nyumbani, yanayoshuka kutoka mlimani hayajazidi hata ndoo moja. Kama mtoa huduma anakupa megabiti 20 kwa sekunde, ni 20 hizo hizo utakazogawa. Kinachopungua ni ule upotevu wa hewani kati ya ruta na kifaa chako, na kwenye nyumba nyingi ninazoingia, upotevu huo ndio tatizo lenyewe. Kupima ni rahisi. Chukua kompyuta mpakato, ichomeke kwa waya kwenye ruta, pima kasi. Chomoa, nenda nayo chumba cha nyuma, pima kwa Wi-Fi. Kama kwa waya unapata yote unayolipia na chumbani unapata robo, kifurushi kikubwa zaidi hakitakusaidia huko chumbani.

Humo ndani swichi inafanya nini? Kila kifaa kinachochomekwa waya wa mtandao kimetoka kiwandani na anwani yake, inaitwa anwani ya MAC, herufi na tarakimu 12. Kifaa kikituma chochote, swichi inasoma anwani ya mtumaji na kuandika kwenye kumbukumbu yake: huyu yuko poti ya 3. Punde si punde inamjua kila mmoja na poti yake. Data ya TV ikija inapelekwa kwa TV peke yake, kompyuta haisumbuliwi. Ikija data ya mtu ambaye swichi haijamjua, inaisambaza poti zote nyingine, na mwenyewe akijibu anaandikwa. Zamani kulikuwa na kisanduku kingine kiitwacho habu, ambacho kilipiga kelele kwa kila mtu muda wote, na vifaa viwili vikisema kwa pamoja data inagongana na kurudiwa. Ethaneti yenyewe, yaani mfumo huu wa mtandao wa waya, ilibuniwa mwaka 1973 huko Xerox PARC, California, lakini swichi yake ya kwanza sokoni ililetwa na kampuni ya Kalpana mwaka 1990. Mkikutana na habu kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, iacheni huko huko.

Faida nyingine, hasa kwenu wenye kamera. Kamera nne zinazorekodi kwenye mashine ya kuhifadhi picha iliyo ndani ya nyumba hazihitaji intaneti ili ziandike picha. Picha inatoka kwenye kamera, inapita kwenye swichi, inaingia kwenye mashine. Faiba ikikatwa huko barabarani na watu wanaochimba mtaro, kurekodi kunaendelea kama kawaida.

Sasa kuichomeka. Waya unatoka kwenye poti ya ruta iliyoandikwa LAN, yaani ya vifaa vya ndani, unaingia kwenye poti yoyote ya swichi. Swichi ndogo za siku hizi hazichagui, zinatambua zenyewe. Waya huo mmoja unakula poti moja, kwa hiyo swichi ya poti 5 inakubakishia 4, ya poti 8 inakubakishia 7. Nikiulizwa, nasema chukua ya 8, maana vifaa huongezeka, havipungui. Halafu soma boksi. Iliyoandikwa 10/100 mwisho wake ni megabiti 100 kwa sekunde. Iliyoandikwa 10/100/1000 inafika gigabiti 1, yaani megabiti 1000. Chukua hiyo ya pili hata kama kifurushi chako leo ni kidogo.

Walio na kisanduku cha faiba na ruta kama vifaa viwili tofauti, sikilizeni hapa: swichi hailali katikati yao. Inakaa nyuma ya ruta. Ruta ndiyo inayogawa anwani za IP, namba ambazo kila kifaa hutumia kwenye mtandao, kwa vifaa vya nyumbani na kuvilinda na nje. Ukiichomeka swichi kabla ya ruta, kifaa kimoja huenda kikapata mtandao na vingine vyote vikakaa vinasubiri anwani ambayo haiji, na utamlaumu mtoa huduma bure.

Waya nitauzungumzia kwa kirefu kidogo, kwa sababu swichi nzuri juu ya waya mbovu ni hasara tupu.

Waya wa mtandao una madaraja. Kwa nyumba, daraja la Cat5e linatosha. Linabeba gigabiti 1 hadi mita 100, na sidhani kama kuna mtu hapa ambaye sebule yake iko mita 100 kutoka kwenye ruta. Cat6 ni nzuri ukiwa unajenga sasa hivi na waya utafukiwa ukutani, kwa kuwa hutaki kuvunja plasta baadaye. Ila jina lililoandikwa kwenye ganda la waya haliaminiki. Nimekuja na vipande viwili kutoka madukani hapa hapa mjini, vyote vimeandikwa Cat6. Kaka hapo mbele, nisaidie kushika. Nakwangua huu wa kwanza kwa kisu. Mwekundu juu, mwekundu ndani: ni shaba. Nakwangua wa pili. Mmeona? Mwekundu juu, mweupe ndani. Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, kwenye boksi huandikwa CCA, na mara nyingine haiandikwi chochote. Inakatika ukiikunja mara chache, inapoteza nguvu kwenye umbali mrefu, na ukipitisha umeme wa kamera ndani yake inapata joto. Boksi la mita 305 la CCA ni jepesi kuliko la shaba, utahisi ukilinyanyua. Kwa hiyo nendeni dukani na kisu kidogo, na muuzaji akikataa msikwangue, ondokeni.

Ndani ya waya mna nyuzi 8, zimesokotwa mbili mbili, jozi nne. Msokoto ule ndio unaofuta kelele za umeme zinazoingia njiani. Sasa kuna mafundi, na nawasema wakiwa wanasikia, wanaowaambia wateja kwamba rangi hazina maana mradi pande zote mbili zifanane. Kipimia kile cha bei ndogo chenye taa nane kitawaka kuanzia 1 hadi 8 na fundi ataondoka na hela yake. Lakini uzi wa 3 na wa 6 lazima watoke kwenye jozi moja. Ukipanga rangi kwa kufuata macho, wa 3 unatoka jozi hii na wa 6 jozi ile, msokoto unakuwa hauna kazi, na waya unapitisha data kwa kusuasua. Mpango unaotumika sana ni huu, andikeni: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Mnaona kijani imetenganishwa na nyeupe yake kwa kuirukia buluu? Hapo ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu. Na mkifika kwenye kichwa, ile plagi ya mwisho wa waya, msifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na nusu hivi.

Jambo la mwisho la waya. Gigabiti inataka nyuzi zote 8. Megabiti 100 inatumia 4 tu. Kwa hiyo uzi mmoja wa kahawia ukikatika, mtandao hauzimi, unashuka kimya kimya hadi 100 na hakuna anayejua. Swichi nyingi zina taa ya rangi moja kwa gigabiti na nyingine kwa kasi ya chini; maelezo yapo kwenye karatasi ile ambayo huwa tunaitupa na boksi. Itazameni taa mara moja moja.

Nataka niwaonyeshe kitu. Swichi hii imeunganishwa na kompyuta mbili hapa mezani, na zinawasiliana vizuri. Sasa nachukua waya huu mfupi, ncha moja poti ya 4, ncha ya pili poti ya 5 ya swichi hiyo hiyo. Tazameni taa. Zote zinawaka na kuzima kwa kasi pamoja, na kompyuta zimekwama. Data inayotakiwa kwenda kwa wote inatoka poti ya 4, inarudi kupitia ya 5, inatoka tena, haina mwisho. Swichi za kawaida za nyumbani nyingi hazina kinga ya hili. Ni mtoto mmoja tu anayeona waya unaning'inia na kuuchomeka kwenye tundu lililo wazi ili kuwe kusafi, na nyumba nzima inakosa mtandao. Nachomoa. Kimya kimerudi. Siku taa zenu zikifanya hivyo, msipige simu huduma kwa wateja, tafuteni waya uliojirudia.

Maswali. Mzee wangu aliye karibu na dirisha alianza: nyumba yake iko juu, ya kijana iko chini kwenye migomba, je avute waya katikati?

Shikamoo mzee. Kwa umbali, hadi mita 100 inawezekana. Kwa usalama, mimi singevuta waya wa shaba kati ya majengo mawili kwa hapa kwetu. Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, radi ikipiga karibu, waya ule mrefu wa nje unabeba mshtuko hadi ndani na kuua swichi zote mbili, ruta na TV. Vuta waya wa faiba, ule wa kioo unaobeba mwanga, na uweke kigeuzi kidogo kila upande kinachobadilisha mwanga kuwa Ethaneti. Kioo hakipitishi umeme. Kama ni lazima iwe shaba, uwe waya mweusi wa nje usioliwa na jua, uwe na kinga ya radi iliyofungwa ardhini, na mvua ikianza kunguruma uuchomoe.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wapangaji aliuliza kama anaweza kuweka faiba moja na swichi, kila chumba akakipa waya na kuwatoza kwa mwezi. Mama, kiufundi inawezekana, lakini kuna mambo mawili. Swichi ya kawaida inawaweka wote kwenye mtandao mmoja, mpangaji wa chumba cha kwanza anaweza kuiona printa na mafaili yaliyoachwa wazi ya chumba cha tano. Hapo unahitaji swichi inayosimamiwa, yenye uwezo wa kugawa mitandao midogo inayoitwa VLAN, na fundi wa kuipanga. Pili, kuuza intaneti ni biashara yenye leseni. Soma mkataba wako na mtoa huduma, kisha anzia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kabla ya kuanzia dukani.

Kijana aliuliza kuhusu kamera ya getini isiyo na umeme karibu. Kuna swichi zinazopitisha umeme kwenye waya huo huo wa mtandao, zinaitwa PoE. Ya kiwango cha 802.3af inatoa hadi wati 15.4 kwa poti, ya 802.3at hadi wati 30. Kamera ya kawaida inatosheka na ya kwanza. Waya mmoja unapeleka umeme na kurudisha picha, ila uwe shaba tupu. Ile aluminiamu niliyoikwangua haiwekwi hapo.

Umeme ukikatika? Swichi ndogo inakula wati chache tu, UPS, ile betri ya akiba, inayobeba ruta inaibeba na swichi bila kulalamika. Angalieni tu adapta. Ruta nyingi ni volti 12, swichi ndogo nyingi ni volti 5 au 9, na kichwa cha adapta kinaweza kuingia pote vizuri kabisa. Usiku, kwa tochi, watu wanabadilisha adapta na asubuhi swichi ni maiti. Bandikeni karatasi kwenye kila adapta.

Na dada aliyesema ana ruta ya zamani kabatini: usinunue swichi bado, dada. Poti za LAN za ruta ile ni swichi tayari. Ingia kwenye mipangilio yake, zima ugawaji wa anwani, ile DHCP, ibadilishe anwani yake isifanane na ya ruta kubwa, kisha leta waya kutoka ruta kubwa hadi kwenye poti ya LAN, si ile ya WAN inayopokea intaneti kutoka nje. Utapata poti za ziada, na Wi-Fi ya pili chumba cha nyuma bila kununua kile kinachoitwa busta, kifaa cha kurudia mawimbi ya Wi-Fi, ambacho kwa maoni yangu kinarudia kwa sauti dhaifu kile ambacho nacho hakikukisikia vizuri.

Panya wa darini dawa yake ni paipu. Pitisheni waya ndani ya paipu la plastiki, mbali na nyaya za umeme angalau sentimita 20 pale zinapokwenda sambamba, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Koleo la kubania, vichwa na mabaki ya waya wa shaba viko hapa mezani. Anayetaka kujifunza aje sasa, achukue kipande kifupi, na kile cha kwanza asikitegemee kipite kwenye kipimia.